Sireni si nguva: jibu kwa mwalimu anayeandaa igizo la Odysseus

*"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari iliyoko mwambao. Kikundi chetu cha maigizo kimechagua kisa cha Odysseus na wale wanawake wa baharini waliowaroga mabaharia kwa nyimbo. Mchezo nimeuandika mwenyewe kutokana na muhtasari nilioupata, na viumbe hao nimewaita 'nguva'. Wasichana watatu wamepewa nafasi hizo, na tumeshaanza kuwashonea mikia ya samaki kwa vitenge. Sasa mambo yameanza kuzuka. Mwanafunzi mmoja anasema walikuwa ndege, si samaki. Mwingine ameniuliza kama walikuwa wakila watu, nikakosa jibu. Mzazi mmoja, mvuvi, amekuja shuleni kulalamika kwamba tunawafundisha watoto kuita majini ya baharini. Vijana wanaoigiza mabaharia wanataka kuziba masikio kwa nta ya mshumaa ili ionekane kweli, na aliyepewa nafasi ya Odysseus anataka afungwe kamba hasa. Tunaonyesha baada ya wiki 5. Nibadilishe kila kitu, au niache tu kwa kuwa ni hadithi?"*

Mwalimu, wasiwasi wako una pande mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Upande mmoja ni wa maarifa: viumbe hawa ni akina nani, wana umbo gani, wanaua vipi, na waitwe nini kwa Kiswahili. Upande wa pili ni usalama wa watoto jukwaani. Huo wa pili hauna mjadala, nitaueleza kwa ukali kidogo. Ule wa kwanza una nafasi ya kuchagua, na wiki 5 zinatosha.

Mwanafunzi wako wa ndege amesema kweli, mpongeze mbele ya wenzake. Wagiriki wa kale waliwaita Seirenes. Kwa Kiswahili tuseme Sireni. Kwa zaidi ya miaka elfu, tangu vyungu vya zamani vya Kigiriki hadi maandishi ya Warumi, kiumbe huyu anaonekana kama ndege mwenye kichwa cha mwanamke, au mwanamke mwenye mabawa na miguu ya ndege. Apollonius wa Rhodes, aliyeandika Argonautica, shairi la safari ya baharini ya Jasoni na wenzake, katika karne ya 3 KK, anasema waziwazi kwamba kwa sehemu walifanana na ndege na kwa sehemu na wasichana. Kitabu cha visa kinachojulikana kwa jina la Apollodorus kinasema walikuwa ndege kuanzia mapajani kwenda chini. Mikia ya samaki ilikuja baadaye sana. Miongoni mwa maandishi ya kwanza kuitaja ni kitabu cha Kilatini cha viumbe vya ajabu, Liber Monstrorum, kinachokadiriwa kuandikwa mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 8 BK. Kuanzia hapo wachoraji wa Ulaya wakawa mara wanampa mabawa, mara mkia, mara vyote viwili, hadi mkia ukashinda. Ndiyo maana leo Mtaliano na Mhispania husema "sirena" kwa mwanamke-samaki, na picha hiyo ndiyo iliyokufikia wewe.

Wagiriki hawakukosa kiumbe mwenye mkia wa samaki. Walikuwa naye Triton, mwana wa Poseidon mungu wa bahari, lakini huyo ni mwanamume. Wapo pia Wanereidi, mabinti 50 wa mzee wa bahari Nereus, ambao kwa kawaida huwasaidia mabaharia. Skila, yule wa vichwa sita aliyenyakua mabaharia sita wa Odysseus mara baada ya kisa hiki, hamrogi mtu: ananyakua tu. Ukiwaweka wote katika kapu moja la "wanawake wa baharini", utapoteza kile kinachomtofautisha Sireni na wengine wote, nacho ni sauti.

Sasa ingia katika shairi lenyewe. Kisa kimo katika Odyssey ya Homer, shairi refu la Kigiriki linalosimulia Odysseus alivyorudi nyumbani kwa bahari kutoka vita vya Troy, kitabu cha 12. Homer haelezi kabisa sura yao. Hakuna nywele, hakuna macho, hakuna kifua, wala bawa wala mkia. Wamekaa kwenye uwanda wa majani na maua wakiimba, basi. Muhtasari wako huenda umekwambia kwamba walikuwa warembo waliowatega wanaume kwa tamaa ya mwili. Katika Homer hilo halimo. Hata majina waliyopewa na waandishi wa baadaye yanazungumzia ulimi na sikio. Kwa Apollodorus ni Thelxiepeia, maana yake arogaye kwa maneno. Peisinoe, ashawishiye akili. Na Aglaope, mwenye sauti ya fahari. Hakuna aliyeitwa kwa uzuri wa umbo.

Wimbo wao katika Homer una mistari 8 tu. Nakupa tafsiri niliyoifanya karibu na Kigiriki kadiri nilivyoweza, uitumie ukipenda:

Njoo huku, Odysseus msifiwa, fahari kuu ya Waakaya,
simamisha merikebu uisikie sauti yetu sisi wawili.
Hajapata mtu kupita hapa na chombo chake cheusi
kabla ya kuisikia sauti ya asali itokayo vinywani mwetu;
huburudika, kisha hurudi kwao akijua mengi zaidi.
Maana twayajua yote ambayo huko Troy pana
Waargos na Watroy waliyateseka kwa matakwa ya miungu,
twayajua yote yatukiayo juu ya nchi ilishayo wengi.

Waakaya na Waargos ni Wagiriki wenyewe. Soma tena polepole, Mwalimu. Wanamwita kwa jina kabla hajajitambulisha. Wanamwita kwa sifa ile ile aliyokuwa akiitwa katika Iliad, shairi la vita. Neno hilo la Kigiriki la "msifiwa" ndani ya Odyssey nzima linatokea hapa tu. Kisha wanamwahidi nini? Habari za vita alivyopigana yeye mwenyewe miaka kumi, zikisimuliwa na wanaojua kila kitu. Vitabu vinne nyuma, katika kitabu cha 8, mwimbaji Demodokos aliimba habari za Troy karamuni, na Odysseus akajifunika uso akilia. Kwa mtu kama huyo, hakuna chambo kikali kuliko kuambiwa: njoo, sisi tunajua uliyoyapitia na maana yake. Sireni huyu anamvua samaki kwa chambo anachokipenda samaki huyo huyo. Mroma Cicero aliliona hili mwaka 45 KK, alipoitafsiri mistari hii kwa Kilatini na kusema kwamba kilichowavuta wasafiri hakikuwa utamu wa sauti wala upya wa wimbo, kilikuwa ahadi ya kujua.

Hapo ndipo mchezo wako utasimama au kuanguka. Ukiwapa wasichana wako watatu wimbo wa mapenzi na kiuno, watazamaji watacheka na kusahau. Ukimfanya kila Sireni amwambie Odysseus kitu ambacho yeye peke yake angetaka kukisikia, ukumbi utanyamaza.

Je, walikuwa wakila watu? Homer hasemi hivyo. Circe, mungu wa kike mchawi anayemwonya Odysseus, anasema pembeni yao kuna lundo la mifupa ya watu wanaooza, na ngozi zikisinyaa juu ya mifupa hiyo. Aliyeliwa haachi ngozi ikikauka polepole. Usomaji unaoafikiana zaidi na maneno hayo ni kwamba msikilizaji hukaa. Hasimami kwenda kutafuta chakula, hakumbuki chombo, anasikiliza hadi anakauka pale pale majanini. Na Circe anataja hasara yenyewe kabla hata ya kutaja mifupa: mkewe na watoto wake wachanga hawatasimama kumpokea akirudi, hawatafurahi. Kifo hapa kinaanza kwa kusahau nyumbani. Mwambie hivyo mwanafunzi aliyekuuliza, na umwoneshe kwamba Sireni wanaimba "hurudi kwao akijua mengi zaidi" huku mifupa ya wasiorudi ikiwa imewazunguka. Uongo wao wote uko katika mstari huo.

Wala merikebu haivunjiki mwambani. Miamba unaikuta kwa Mroma Virgil, anayetaja majabali ya Sireni yaliyokuwa meupe kwa mifupa, na katika picha za vyungu. Kwa Homer ni majani mabichi, na Apollonius anakiita kisiwa chao Anthemoessa, jina linalotokana na maua. Kwa jukwaa la shule hii ni nafuu kubwa: mkeka wa kijani na maua ya karatasi yatatosha, na hutahitaji mtu kupanda juu ya kitu chochote.

Idadi pia ina mvutano. Kigiriki cha Homer kina umbo maalumu la maneno kwa vitu viwili, na analitumia kwa Sireni. Ndiyo maana katika tafsiri nimeweka "sisi wawili". Apollodorus ana watatu: mmoja anapiga kinubi, mmoja anaimba, mmoja anapuliza zumari. Kwa kuwa umeshagawa nafasi kwa wasichana watatu, sikushauri umvunje moyo mmoja wao. Mfuate Apollodorus, andika hivyo kwenye karatasi ya programu, na katika wimbo badilisha "sisi wawili" iwe "sisi watatu".

Kuhusu kuwaita "nguva", naelewa ulivyofika hapo, lakini neno hilo linakuharibia kazi. Nguva kwetu ni mnyama halisi, anayenyonyesha, anayekula majani ya baharini, na ambao wamebaki wachache sana katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Pia ni yule mwanamke-samaki wa hadithi za pwani. Vyote viwili vina mkia. Ukisema "nguva", mkia unakuja wenyewe kichwani mwa mtazamaji na ndege anafutika. Kuna mzunguko wa kuvutia hapa: mwaka 1811 mtaalamu wa wanyama Illiger aliliita kundi la nguva na jamaa zake Sirenia, kwa jina la hawa hawa Sireni, wakati ambapo Wazungu walikuwa wameshawapa mkia kwa karne nyingi. Columbus mwenyewe, Januari 1493, aliandika kwamba ameona "sirena" watatu karibu na kisiwa cha Hispaniola huko Karibiani, na kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Yaelekea walikuwa ndugu wa nguva. Basi mnyama alipewa jina la Sireni, na leo Sireni anapewa jina la mnyama.

"Jini" lingekuwa kosa kubwa zaidi, na hapa ndipo jibu la mzazi wako lilipo. Jini, kama watu wa pwani wanavyomjua, humpanda mtu, hudai, hutolewa au huwekewa masharti. Sireni hamwingii mtu. Hamgusi hata kidogo. Anaimba, na mtu anakwenda kwa miguu yake. Hakuna katika kisa hiki ibada ya kuwaita, hakuna kafara kwao, hakuna mtu anayewaomba chochote; kisa chote kinahusu namna ya kuwapita. Mweleze mzazi hivyo kwa utulivu, na umwoneshe andiko lenyewe, si muhtasari. Mweleze pia kwamba kwa Wagiriki Sireni alikuwa na uso mwingine wa heshima: Athens katika karne ya 4 KK familia ziliweka sanamu za Sireni juu ya makaburi, wakishika kinubi au wakijipiga kifua kama waombolezaji. Katika igizo la Euripides, Helen anawaita mabinti hawa wenye mabawa waje wamsaidie kulia. Mshairi Mroma Ovid anasimulia kwamba walikuwa wenzake Persephone, binti aliyetekwa kupelekwa kuzimu, na kwamba waliomba mabawa ili wamtafute mwenzao hata juu ya bahari. Mwanafalsafa Plato anawaweka mbinguni: Sireni wanane, kila mmoja akishika sauti moja, na sauti zote nane zikilingana.

Kama baada ya maelezo hayo mzazi bado hataki mwanawe ashiriki, mheshimu, mpe mtoto kazi ya taa au mavazi kwa hiari yake. Mazungumzo hayo yafanyeni ana kwa ana, mkuu wa shule akiwepo. Ujumbe wa simu utaligeuza kuwa jambo la mtaa mzima.

Neno ninalolipendekeza, kwa hiyo, ni "Sireni" lenyewe, kwa upatanisho wa viumbe hai: Sireni anaimba, Sireni wanaimba. Mtangulizi wa mchezo aseme mara moja, mwanzoni, "Sireni, ndege wenye vichwa vya wanawali". Baada ya sentensi hiyo hakuna atakayepotea. Mwanafunzi akiuliza kuhusu king'ora cha gari la wagonjwa, ambacho Wazungu hukiita kwa jina hilo hilo, mwambie lilitoka hapa: mwaka 1819 Mfaransa Cagniard de la Tour aliunda chombo cha kutoa sauti kwa tundu zinazozunguka, na kwa kuwa kiliweza kulia hata ndani ya maji, akakipa jina la Sireni.

Sasa tuje chomboni, maana hapa Homer ni fundi wa vitu na atakusaidia kupanga jukwaa. Merikebu inakwenda kwa upepo mzuri. Ghafla upepo unakatika, bahari inakuwa shwari kabisa. Mabaharia wanasimama, wanakunja tanga na kuliweka ndani ya chombo, wanakaa kwenye makasia. Usiliruke tukio hili. Kwa upepo, chombo kingepita hata kama watu wote wamerogwa. Kwenye shwari kinakwenda kwa mikono ya wapiga makasia tu, wakiacha, kimesimama. Ndiyo maana masikio yao ndiyo yanayozibwa, na ya nahodha yanaweza kuachwa wazi kwa kuwa yeye, akifungwa, hana cha kuharibu. Mtazamaji akiona tanga likishuka ataielewa mantiki yote bila kuambiwa.

Odysseus anachukua bonge kubwa la nta, anakata vipande kwa shaba kali, anavikanda kwa mikono yake juani hadi vinalainika, kisha anapita kwa mabaharia mmoja mmoja. Nta ya nyuki ikiwa baridi ni ngumu na hukatika. Haiyeyuki hadi ifike kama nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulainika mapema zaidi kwa joto la jua na viganja. Ukihesabu watu kwa mgawanyo wa vikosi alioufanya kwenye kisiwa cha Circe, na kumtoa baharia Elpenor aliyefariki huko, unapata mabaharia wapatao 44. Hiyo ni karibu masikio 90. Ni kazi ya muda, na jukwaani inaleta wasiwasi mzuri: mwache Odysseus azibe masikio matatu au manne kwa ukamilifu, mengine yapite kwa haraka, huku sauti ya mbali ikianza kusikika nyuma ya pazia.

Kisha wanamfunga mikono na miguu, wima, kwenye kikalio cha mlingoti, ile sehemu ambayo mabaharia wetu wa majahazi huiita mastamu, na ncha za kamba zinafungwa kwenye mlingoti wenyewe asizifikie. Amri ameshaitoa mapema: nikiwaomba mnifungue, niongezeeni kamba. Chombo kinapofika umbali wa mtu kusikika akipiga ukelele, wimbo unaanza. Odysseus hawezi kuwaambia kitu kwa sauti, hawasikii. Anawaashiria kwa nyusi. Mabaharia wawili, Perimedes na Eurylochos, wanainuka na kumwongezea kamba. Wapiga makasia wapange wakiwa wameipa omo migongo, nyuso zao tezi, kama wanavyokaa wapiga makasia wote.

Kuhusu nta ya kweli masikioni, jibu ni hapana, na usilipigie kura. Mishumaa ya dukani kwa kawaida ni parafini. Ikiwa ya moto inaunguza ngozi laini ya tundu la sikio; ikiwa imepoa inavunjika, kipande kinaingia ndani hadi karibu na kiwambo, na kijana anayejaribu kukitoa kwa kijiti anakisukuma zaidi. Hata pamba isisokomezwe. Wape mabaharia vitambaa vya kichwa: Odysseus anapeleka kiganja sikioni kana kwamba anabandika, kisha baharia anashusha kitambaa chake kufunika masikio. Kwa mtazamaji aliye mita 5 mbali hakuna tofauti, na mabaharia wako watasikia maelekezo. Kama kuna aliyeshajaribu mazoezini na kitu kimebaki ndani, asichokonoe, asimwagiwe maji wala mafuta. Apelekwe kituo cha afya, na akiwa na maumivu, usaha, damu au kupungukiwa na kusikia, aonwe na daktari wa masikio siku hiyo hiyo.

Kufungwa kuna hatari ambayo imejificha ndani ya kisa chenyewe. Hadithi inasema: akilalamika, kaza. Kijana wako akibanwa kweli akalalamika, wenzake watadhani anaigiza vizuri, na watakaza. Kwa hiyo usitumie kamba ya katani wala ya nailoni, ambazo hujikaza mtu anapojinyonga-nyonga na kuzuia damu kwenye kifundo cha mkono. Tumia khanga mbili kuukuu zilizokunjwa kwa upana wa kiganja. Moja ipite kiunoni mara mbili, nyingine izunguke mapajani kwa kulegea. Shingoni na kifuani kisipite kitu. Mikono aiweke nyuma ya mlingoti akishika mwenyewe kitanzi cha kitambaa ambacho hakijafungwa popote. Akikiachia yuko huru. Khanga zote mbili zimalizwe kwa fundo la kuvuta, lile linalofunguka kwa mvuto mmoja, na ncha yake iwe upande wa Eurylochos. Kubalianeni ishara isiyokuwemo mchezoni: akiita jina halisi la mwenzake, siyo Eurylochos, mchezo unasimama papo hapo. Mtu mzima mmoja akae nyuma ya pazia na mkasi mkononi. Mlingoti usiwe nguzo iliyosimamishwa tu sakafuni, maana kijana akijitupa utaanguka naye. Ufungwe juu kwenye boriti au uwekewe miguu mipana minne yenye mifuko ya mchanga. Tukio lote la kufungwa lisizidi dakika 5. Kwa wimbo wa mistari 8, hata ukirudiwa mara mbili, hizo ni nyingi.

Ukiona mambo ya kamba yanakuzidi, ipo njia nyingine ya heshima kamili. Katika Argonautica hakuna nta wala kamba. Mwimbaji Orpheus anatwaa kinubi na kupiga kwa nguvu na kasi hadi sauti ya Sireni inamezwa. Anayepotea ni mmoja, Boutes mwana wa Teleon, anayejirusha baharini na kuokolewa na Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Kwa kikundi chenye wapiga ngoma wazuri hili linavutia sana, na usalama ni rahisi. Unachopoteza ni Odysseus mwenyewe, yule anayetaka kusikia na kurudi nyumbani kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu usimwache, kama unaweza kutimiza masharti niliyoyataja hapo juu.

Mwisho wa Sireni nao una njia mbili. Homer hasemi kilichowapata. Chombo kinapita, sauti inafifia, mabaharia wanatoa nta na kumfungua mkubwa wao. Waandishi wa baadaye wanasema ilitabiriwa watakufa siku chombo kitakapowapita salama, wakajitupa baharini. Mtungi maarufu uliopatikana Vulci, Italia, na uliopo sasa British Museum, London, uliochorwa kama mwaka 480 hadi 470 KK, unaonyesha Odysseus mlingotini huku Sireni mmoja akiporomoka kichwa chini, macho yamefumba. Mmoja wa wenzake ameandikiwa jina, Himeropa. Mwili wa mwingine, Parthenope, inasimuliwa ulitupwa na mawimbi pale ulipo mji wa Naples, na mwanajiografia Strabo anataja kaburi lake huko. Ukitaka kumalizia kwa simanzi, chukua njia hii; wasichana wako watapata kifo cha kuigiza, na waigizaji wachanga hukipenda.

Usiitupe mikia mliyokwisha kushona. Fumua mshono wa pembeni kila mkia uwe kipande kimoja bapa, kigawe katikati kwa urefu, na utapata mabawa mawili: upande mpana ushonwe begani, mwembamba ufike kwenye kiganja, na kitanzi cha kuingiza kidole cha kati ili bawa lifunguke mkono unapoinuka. Kwa anayepiga kinubi na anayepuliza zumari, kitanzi kiwe kwenye kifundo cha mkono, vidole vibaki huru. Magamba mliyoyabandika yaacheni kama yalivyo kifuani na mabegani, kwa sababu wachoraji wa vyungu wa Kigiriki walichora manyoya ya kifua kwa mistari ile ile ya nusu duara inayopandana kama magamba. Kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini ongezeni vipande virefu vya sentimita 20 hadi 25, vyenye ncha ya mviringo, vikianza kubandikwa chini kwenda juu ili kila safu ifunike mshono wa safu iliyo chini yake. Miguuni soksi ndefu za njano au kahawia, na makucha matatu ya kadibodi yaliyofungwa juu ya kiatu, yasizidi sentimita 6, wasije wakajikwaa kwenye mkeka.